Maji ya Vuguvugu Kabla ya Dawa

Tarehe 3 Machi

Kwa mpwa wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kufungua bahasha. Kaa kitako kwanza. Anayekuandikia ni mtu ambaye siku akifunga duka lake, watu wa mji huu hawatatambuana kwa jinsi vichwa vitakavyogeuka vichaka. Nimenyoa mahakimu. Nimenyoa maharusi. Kuna bwana nilimnyoa akiwa amesinzia, akaamka kijana, mkewe akakataa kumfungulia mlango.

Mama yako ameniletea habari zako. Kwamba yule fundi wako, huyo mnayemwita Mama Kitana, ameteleza kwenye povu la shampuu akavunjika mkono wa kulia, na saluni amekuachia wewe miezi mitatu, hata mwaka wa kujifunza hujaumaliza. Mama yako alikuwa analia. Mimi nilicheka. Nikamwambia, dada, kwani ile damu ya nani? Mimi nilikabidhiwa saluni ya vioo kumi na viwili nina miaka kumi na tisa, na mwenyewe alinikabidhi funguo akiwa amepiga magoti.

Usipige simu. Simu ni ya watu wenye haraka, na mimi nikianza kusema salio hukata pale pale palipo patamu. Andika. Uliza lolote linalohusu binadamu kuanzia shingoni kwenda juu. Chini ya shingo muulize daktari.

Mjomba wako,
Kinyozi Mkuu

—

Tarehe 14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. Imevimba mpaka viatu nimeviazima kwa muuza mboga wa mlango wa pili.

Ulitaka kujua saluni ikoje. Viti vitatu, kimoja kinazama mtu akikaa. Draya haiwaki mpaka ipigwe kofi ubavu wa kushoto. Maji nayateka bomba la uani, ndoo nane kwa siku. Mteja anakuja na picha kwenye simu, nywele za kwenye picha zinafika kiunoni, zake zinashikika kwa vidole viwili, halafu akitoka ananuna. Jana nimemsuka mama mmoja rasta tangu asubuhi mpaka jua linazama. Akajitazama kioo upande huu, akajitazama upande ule, akasema, "Binti, fumua. Hazinipendi."

Nikafumua.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Mama Kitana amenifundisha kuosha, kuchana, kusuka, kubandika, kufunga rola. Dawa ya kunyoosha nywele hakunifundisha. Mteja wa dawa akija, alikuwa akimpeleka kiti cha pembeni, akanipa mgongo, mimi nikatumwa sabuni. Nikirudi nywele zimeshalala. Siku anaondoka na mkono wake umening'inizwa shingoni aliniuliza, "Na dawa je, unaiweza?" Nikasema naiweza. Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani nilikuwa nimechoka kuwa mwanafunzi.

Sasa Alhamisi ijayo anakuja binti wa mwenye nyumba wetu. Anaolewa Jumamosi, anataka dawa. Na baba yake anatafuta sababu tu ya kututoa, kuna fundi simu anakitolea macho hiki chumba. Amesema mbele ya watu, "Mwanangu akipendeza, mtabaki. Asipopendeza, mtanipisha." Mama Kitana ana miaka kumi na minane humu ndani, Mjomba. Na kaniachia mimi.

Siwezi kumuuliza yeye, nilishasema naiweza. Dawa yenyewe huinunua ya kupimiwa, kopo halina hata herufi moja. Wewe umefanya haya mambo. Niambie kitu kimoja tu: kichwa kinaoshwa kabla ya dawa, au hakioshwi?

Mpwa wako

—

Tarehe 18 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Swali lako limenichekesha mpaka mteja niliyekuwa naye kitini nikamwondoa nusu ya sharubu. Hivi sasa namshawishi aondoe na ile nyingine.

Kinaoshwa! Utapakaje dawa juu ya jasho na vumbi? Mimi hapa sigusi kichwa ambacho hakijaoshwa, hata kiwe cha hakimu. Sikiliza, na uyashike haya kama yalivyo. Maji yawe ya vuguvugu. Tena nasisitiza, vuguvugu, yasiwe ya baridi hata kidogo, baridi ndiyo inayoharibu kila kitu. Sabuni isiwe ya kubania. Sugua kwa kucha zote kumi mpaka ngozi ya kichwa ilie chwi chwi kama sahani. Kausha. Ndipo upake dawa kuanzia kwenye mashina, na umwache nusu saa nzima. Akitikisika mwambie dawa inafanya kazi.

Nakupa mfano. Alikuja kwangu mke wa mkubwa mmoja, simtaji, na magari matatu. Nikamwosha hivyo hivyo, nikampaka hivyo hivyo. Nywele zikalala mpaka nzi alitua utosini akateleza, akaja kusimama begani. Walinzi wakapiga makofi.

Hata mama yako siku ya harusi yake nilimtengeneza mimi. Lakini usimuulize, habari za zamani zinamchosha.

Nenda kifua mbele.

Mjomba wako,
Kinyozi Mkuu na Mshauri

—

Tarehe 2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Kazi ile niliifanya kama ulivyoelekeza, hatua kwa hatua. Harusi imepita.

Wateja wamepungua, labda ni hizi mvua. Naosha taulo, naanika, mvua inakuja, naanua. Draya sasa inakataa hata kofi langu. Zamani nililalamikia kusimama. Nimekuja kuona kwamba kukaa kunachosha zaidi, ukiwa umekaa unautazama mlango.

Nina swali dogo, wala si la haraka. Yule mke wa mkubwa, ulipompaka dawa baada ya kumwosha, alisema kitu? Alilia?

Mpwa wako

—

Tarehe 9 Aprili

Mpwa wangu mpendwa, nuru ya ukoo,

Marahaba mara saba! Nilijua! Barua yako nimeisomea watu wote waliokuwa kwenye foleni, wote wawili, na yule wa sharubu nikamwita arudi asikie. "Hatua kwa hatua," hayo ni maneno yake mwenyewe, niliwaambia, huyo ni mpwa wangu, nimemfundisha kwa kalamu tu bila kumgusa bega. Nimemwambia mchora vibao aongeze kwenye kibao changu: KINYOZI NA MSHAURI WA SALUNI ZA MBALI.

Unauliza kama yule mama alilia. Alilia sana. Machozi ya furaha! Ilibidi nimpe taulo mbili.

Mimi kazi ni nyingi mno, ndiyo maana mwandiko umeyumba. Kijiwe kipya kimefunguliwa ng'ambo ya barabara, vijana wenye mashine za kuchaji na muziki. Wananiogopa. Wakiniona nimekaa mlangoni wananipungia mkono.

Niletee picha ya bibi harusi niiweke ukutani. Iwe kubwa, kichwa kionekane chote.

Mjomba wako,
Kinyozi Mkuu, Mshauri, n.k.

—

Tarehe 20 Aprili

Kwako kaka kinyozi,

Salamu. Mimi ndiye Mama Kitana. Hatujuani. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo sitazunguka.

Leo nimekwenda saluni kwangu nikakuta barua yako ya tarehe 18 Machi chini ya sinia la rola. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, maana ya kwanza sikuamini.

Kaka, kichwa cha dawa hakioshwi. Hakioshwi! Yale mafuta na jasho unalolitukana ndiyo ngao ya ngozi. Mteja wa dawa namwambia siku tatu kabla: usioshe, usichane kwa nguvu, usijikune. Anapoketi swali langu la kwanza ni "Umejikuna?" Akisema ndiyo, namrudisha nyumbani. Sasa huyu binti, kwa ushauri wako, amekisugua kichwa cha watu kwa kucha kumi, akafungua ngozi yote, halafu akakimwagia moto.

Mtoto wa mwenye nyumba ametoka malengelenge kisogoni na juu ya masikio yote mawili. Nywele za mbele zimebaki kwenye kitana. Ameolewa amefungwa kilemba mpaka kwenye nyusi, na bwana harusi akadhani ndiyo mtindo. Baba yake ametupa muda mpaka katikati ya mwezi ujao tuwe tumetoka.

Na unajua mpwa wako alisema nini? Alisema, "Nilikosea mimi." Mbele ya mwenye nyumba, mbele yangu, mbele ya yule binti. Jina lako halikutoka kinywani mwake. Ningeendelea kuamini hivyo kama nisingeinua sinia.

Nusu ya kosa ni yangu. Dawa nilimficha kwa makusudi. Niliwahi kumfundisha mmoja kila kitu, akaenda kufungua saluni mlango wa tatu kutoka kwangu, akachukua na wateja. Nikaapa huyu wa sasa nitamwachia kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Kiko wapi leo?

Nusu iliyobaki ni yako. Sijui unaifanyaje.

Mama Kitana

—

Tarehe 24 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama Kitana ameniambia kwamba amekuandikia. Usiyachukulie moyoni. Mkono unamuuma, na mtu mwenye maumivu huandika kwa ukali.

Nafunga vitu. Vioo nimevifunga kwa mashuka. Makopo nimeyapanga kwenye katoni, halafu nikayapanga upya, kwa kuwa sina kingine cha kufanya. Mama Kitana anakuja anakaa kwenye kile kiti kinachozama, ananitazama. Ningefurahi kama angenitukana.

Nadhani kazi hii siiwezi, Mjomba. Nikirudi nyumbani nitaomba nikae na fundi cherehani wa mtaani kwetu. Kitambaa hata ukikichoma hakikutazami.

Jambo lingine. Nilimpigia mama nikamuuliza habari ya siku ya harusi yake. Akasema nimwangalie kwenye kioo cha simu, akafungua kitambaa. Sijawahi kumwona bila kitambaa, Mjomba. Mimi, mwanawe. Nyuma ya sikio la kushoto pana mahali peupe, laini, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Pale ndipo ulipokuwa ukituambia tukiwa wadogo kwamba pamepigwa na radi, na wewe ukaikamata ile radi kwa mkono ukaitupa uani.

Nilimuuliza, "Ni nini hicho, mama?" Akasema, "Mwulize mjomba wako." Wala hakuwa na hasira.

Sikuulizi. Nimechoka tu.

Mpwa wako

—

Tarehe 6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Hukujibu barua yangu, na sasa najua ulikuwa wapi.

Juzi nimekaa juu ya katoni, mlango ukafunguliwa, akaingia binti wa mwenye nyumba na kilemba chake. Nikasimama. Nilidhani amekuja kunisema. Akasema, "Una mjomba mwenye maneno mengi wewe?" Nikasema ninaye. Akaketi, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikawa nimesimama sijui nifanye nini na mikono yangu.

Amenieleza yote. Kwamba Jumatatu asubuhi alikuja bwana mmoja wa kofia, vumbi mpaka kwenye kope, akasema hodi kwao. Baba yake akauliza, "Wewe nani?" Ukaanza kwa mahakimu. Ukaenda kwa maharusi. Ukaja kwa yule aliyesinzia akaamka kijana. Chai ikaletwa, ikapoa. Baba yake akauliza tena, "Bwana, shida yako nini hasa?" Ukasema subiri, sijafika kwenye vioo kumi na viwili. Anasema ulizunguka saa nzima kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Halafu ukakatika katikati ya neno, ukatazama chini, ukasema, "Kosa ni langu. Binti aliniuliza, nikamwambia aoshe. Sijui kazi ile. Alinitii tu."

Na kisha, anasema, hukuongeza neno.

Baba yake akapangusa uso. Akasema, "Wabaki mpaka mwisho wa mwaka tuone. Lakini huyu bwana asije tena."

Mjomba, nimefungua mashuka kwenye vioo.

Yule binti alikuja na haja yake pia. Kichwa chake kimekauka, lakini nywele zimebaki visiwa visiwa. Akasema, "Ondoa zote zilingane, nianze upya. Na uondoe wewe, si mwingine. Nataka nikuone unavyotetemeka." Nilitetemeka kweli. Nilizikata kwa mkasi, taratibu, mpaka zikabaki fupi sawasawa, na ana kichwa kizuri, Mjomba, cha mviringo. Alijipapasa kichwa kizima. Wakati wa kutoka kilemba alikisahau kitini. Au labda alikiacha.

Mama Kitana naye anakuja kila siku. Ananifundisha dawa kwa mdomo, kwa kuwa mkono bado. Hanipi tena mgongo. Ananiuliza ghafla nikiwa nafagia, "Swali la kwanza?" Nami najibu, "Umejikuna?" Wateja bado ni wachache. Miguu bado inavimba. Jana walikuwa wanne.

Sasa nina mawili, na ya safari hii uyajibu. La kwanza, kutoka kwao mpaka saluni ni dakika kumi kwa miguu. Kwa nini hukuja kuniona? La pili, binti anasema kulikuwa na joto, mama yake akataka kukupokea kofia aitundike, ukaishika kwa mikono miwili kama mtu anayeibiwa. Na anasema ulinuka mafuta ya kupaka kidonda. Kichwani una nini, Mjomba?

Mpwa wako

—

Tarehe 15 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa na simba ndani yake. Nimeichana.

Nianze na vioo. Saluni ile ilikuwa kibanda cha bati na kioo kimoja. Nilikiangusha mimi siku ya tatu ya kazi, kikatoka vipande kumi na viwili. Nilivihesabu wakati wa kuviokota. Tuliendelea kuvitumia mwaka mzima, kila kimoja kimeegemezwa mahali pake, kwa hiyo sikukudanganya sana, lakini nilikudanganya. Kazi yangu pale ilikuwa kunyoa wanaume na kufagia. Dawa ya wanawake niliiona kwa mbali.

Kuhusu mama yako. Alikuwa anaolewa, na sisi tulikuwa hatuna wa kumtengeneza. Nikasema, "Dada, kaa hapa, mimi ni fundi." Akakaa, kwa kuwa aliniamini. Nilimwosha kwanza, kwa maji ya baridi, kisha nikampaka dawa niliyoichota kazini. Yaliyotokea umeyaona nyuma ya sikio lake. Hakuniambia hata neno moja baya, mpaka leo, na hilo ndilo lililonifanya nitafute radi. Mpwa wangu, miaka yote hii niliamini kwamba kosa lilikuwa baridi ya maji. Niliamini kabisa. Ndiyo maana nilikuandikia vuguvugu, na nikapigia mstari. Nilidhani nakuokoa.

Barua ya Mama Kitana ilipofika niliisoma mlangoni. Hakukuwa na foleni. Foleni haipo tangu wale vijana wafungue, na wale wawili niliokuambia walikuwa wamekimbia mvua. Mchora vibao nimemwambia afute yale maneno ya Saluni za Mbali. Amefuta vibaya, bado yanasomeka ukikaribia.

Umeuliza kwa nini sikuja saluni. Nilikuja. Nilisimama ng'ambo kwenye kibanda cha muuza mitumba nikajifanya nachagua suruali. Nilikuona mlangoni unakunja shuka. Ulikuwa umekonda. Ningekuja kukuambia nini? Kila nilichokuwa nacho nilikuwa nimekimaliza kule kwa mwenye nyumba. Nikanunua suruali, hainienei, nikarudi.

Sasa kofia.

Uliniuliza mwezi uliopita kama yule mke wa mkubwa alilia. Hakuwapo mke wa mkubwa, wala magari. Nzi alikuwapo, lakini hakuteleza. Ulikuwa unaniuliza habari ya mtu mwingine na mimi nikakujibu habari ya taulo mbili. Nilipojua hivyo sikulala vizuri siku tatu. Nikaona siwezi kwenda kumwomba radhi yule binti kwa jambo nisilolijua. Kwa hiyo kabla ya kusafiri nilinunua dawa kwa kupimiwa, nikafunga duka saa nne asubuhi, nikachemsha maji, nikayapooza mpaka vuguvugu. Nikajiosha. Nikasugua kwa kucha zote kumi kama nilivyokuandikia. Nikapaka utosini, nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe na saa mkononi, nia yangu nimalize nusu saa.

Hapo utosini sasa pana kidonda, nywele hazitarudi, na nimewaambia vijana wa ng'ambo kwamba ni taa iliniangukia. Mmoja wao ndiye amenisawazisha zilizobaki. Ana mkono mzuri, usimwambie mtu.

Nusu saa sikuifikisha, mpwa wangu. Dakika ya sita nililia kwa sauti, mpaka muuza mkaa akaja kuchungulia, na nikamwita mama yako kwa jina letu la utotoni, aje anitoe.

Mjomba wako